Kijana Atalala Wapi?

Juma hili sina kisa cha kuwachekesha, wala sitaendelea na mazungumzo yetu juu ya mahari, ijapokuwa barua zenu za mahari zazidi kumiminika, na nyingine zina maneno makali ajabu. Nina barua moja tu mkononi, nayo nimeichukua katika mfuko wa koti kwa muda wa majuma matatu, nikiisoma ndani ya matatu, nikiikunja, nikiirudisha mfukoni bila kuijibu.

Barua hiyo yatoka kwa mkulima mmoja wa milima ya Maragoli, mtu mzima mwenye wajukuu. Aniambia kwamba mwanawe afanya kazi ya kiwandani hapa Nairobi, naye amepanga chumba Kawangware. Kwa muda wa miaka 9 mke wa kijana huyo amekaa nyumbani pamoja na wakwe zake, akilima na kulea watoto watatu, na mkubwa wao ni mvulana wa miaka 12. Sasa kijana amepeleka habari kwamba mwezi wa Januari ataka jamaa yake yote ije mjini. Mzee hakatai, wala hakubali. Ataka kujua kwangu mimi, niliyekaa Kibera na Kawangware kwa zaidi ya miaka 30, kama jambo hilo ni jema, na aniomba nimwambie kweli yote, nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mzee wangu, nimechelewa kukujibu kwa sababu barua yako imenigusa penye kidonda. Lakini kwa kuwa wako wazee wengi wanaoisoma gazeti hii wenye swali kama lako, na vijana wengi wenye nia kama ya mwanao, nitakujibu hapa hadharani, wala jina lako sitalitaja.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba swali hili si geni. Nairobi ilianza mwaka 1899, reli ilipofika kutoka Mombasa, na kwa muda wa nusu karne na zaidi ilipangwa kuwa mji ambao Mwafrika aja peke yake, afanya kazi, kisha arudi kwao. Alitembea na kipande, akapewa nafasi ya kulala katika chumba cha wanaume wengi, na nyumba za kukaa mtu na mkewe, kama zile za Kaloleni zilizojengwa katika miaka ya 1940, zilikuwa chache mno. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyochunguza mishahara ya Waafrika, mwenyekiti wake Bwana F. W. Carpenter, ilikiri waziwazi kwamba mshahara wa chini ulihesabiwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, nayo ikashauri upandishwe kidogo kidogo, kwa muda wa miaka kama 10, mpaka umtoshe mtu na jamaa yake.

Angalieni jambo hili, enyi makarani mnaojua hesabu. Ikiwa mwajiri alilipa chakula cha mtu mmoja, mke na watoto walikula nini? Walikula shamba la mke. Jembe la yule mwanamke wa Maragoli, au Nyeri, au Ukambani, ndilo lililokamilisha mshahara wa mjini, wala jina lake halikuandikwa katika daftari yo yote. Mwaka ule ule wa 1954, mwezi wa Aprili, wakati wa Hali ya Hatari, majeshi yaliuzunguka mji, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa, na wake na watoto wengi wakarudishwa kwao. Haya yote yamepita. Hakuna leo anayemzuia mtu kumleta mkewe Nairobi. Lakini chumba cha mpangaji wa kawaida bado kimejengwa kana kwamba atakayelala humo ni mtu mmoja, na hapo ndipo taabu yetu inapoanza.

Mimi nilifika mwaka 1990, nikapokewa na mjomba wangu Kibera, katika kijiji cha Makina. Wasomaji wa mbali huenda hawajui kwamba jina hilo latokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Askari Wasudani wa King's African Rifles na jamaa zao walikaa hapo tangu mwanzo wa karne ya 20. Walipewa ruhusa ya kujenga na kulima, hati ya ardhi hawakupewa. Hati ya jumuiya yao, ya ekari 288, waliipata mwaka 2017. Wengi waliokuwa wakiingoja walikuwa wamekwisha kuzikwa. Na kwa kuwa tumeitaja Kibera, niseme neno moja kwa wale wanaokuja na kamera zao. Kwa miaka mingi walituambia kwamba tuko watu milioni moja mahali pale. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipata watu kama 170,000. Hata hao ni wengi kwa mahali padogo, wala haikuwa lazima kutuongeza.

Mwenye nyumba wetu alikuwa mama mzee wa Kinubi, mwenye nyumba ndefu ya udongo na paa la mabati, vyumba sita chini ya paa moja na baraza mbele. Chumba changu kilikuwa futi 10 kwa 10. Mwaka 1993 nilimleta mke wangu pamoja na mwana wetu wa kwanza, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja. Tulikuwa na kitanda, meza, jiko la makaa, mitungi miwili ya maji ya lita 20, na sanduku la nguo. Naungama kwamba miaka ile ilikuwa mizuri. Mtoto alilala katikati yetu. Yule mama mzee alimchukua mchana kutwa barazani kwake, akamfundisha maneno ya Kinubi ambayo mimi sikuyaelewa, na mtoto alizoea kutazama saa kwa gari moshi: likipita la asubuhi, ni uji, likipita la jioni, baba yu karibu kurudi. Mtoto mdogo mjini hana taabu kubwa, maadam apate chakula na asiugue. Mwenye miaka miwili haoni kwamba chumba ni kidogo. Chumba kwake ni kikubwa kama dunia.

Mwaka 1999, alipozaliwa mtoto wa tatu, tulihamia Kawangware. Huko mambo ya ardhi ni mengine kabisa. Kawangware ni mashamba ya Wakikuyu wa Dagoretti, mashamba yenye wenyewe na hati zao, nayo yalikuwa ndani ya wilaya ya Kiambu kabla ya mipaka ya jiji kupanuliwa wakati wa Uhuru. Wenyewe waliona upesi kwamba mstari wa vyumba huzaa kuliko mstari wa mahindi. Basi walijenga vyumba vya mabati, na wengine vya mawe, vikitazamana pande mbili za ua mmoja, na uani pana mfereji, kamba za nguo, na vyoo viwili vya kugawana jamaa 14. Katika ploti yetu walikuwamo Waluhya, Wakikuyu, Wakamba, Wakisii na Mjaluo mmoja aliyekuwa akitengeneza redio. Tulizikana, tuliozeana, tulichangiana katika chama cha akina mama. Sina neno baya juu ya majirani wale.

Chumba chetu kilikuwa futi 10 kwa 12. Usiku viti viliwekwa juu ya meza, na godoro la watoto likatandikwa mahali palipokuwa na viti. Kati yao na kitanda chetu palikuwa pazia, shuka ya maua iliyoshonwa na mke wangu. Wasomaji wa mjini wanaijua shuka hiyo. Wasomaji wa mashamba nawaomba waitie maanani, kwa maana kisa changu chote chahusu shuka hiyo.

Kwetu sisi, kama kwa jirani zetu Wajaluo, mvulana anapoanza kuwa mtu mzima hutoka katika nyumba ya mama yake. Hujengewa simba, kibanda chake mwenyewe, au hulala kwa babu yake, na jambo hilo halina mjadala. Mtoto wetu wa kwanza alipofika miaka 13, mwaka 2005, alianza kuchelewa kuingia ndani usiku. Alikaa mlangoni, akisema kwamba ndani pana joto. Mama yake alielewa upesi. Mimi nilielewa pia lakini nilijifanya sielewi. Ningemjengea simba wapi? Uani, kati ya mfereji na choo?

Siku moja akaniambia kwamba vijana wa chumba cha nne wamemkaribisha alale kwao. Walikuwa makapera wanne, wawili wachukuzi wa sokoni na wawili makanga wa matatu. Nami nilishukuru. Naam, wasomaji wangu, nilishukuru! Niliona kwamba Mungu ameniondolea mzigo bila mimi kutoa hata shilingi moja. Sikuenda kuwaona vijana wale. Sikuuliza wanalala saa ngapi, wanakunywa nini, wala wanazungumza nini taa ikizimwa.

Nitajitetea kidogo, si kwa sababu nastahili, bali kwa sababu utetezi wangu ndio utetezi wa baba wengi wa mjini. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja. Kutoka Kawangware hadi Eneo la Viwanda ni mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa miguu, nami nilikwenda kwa miguu ili nauli ipate kununua unga. Niliondoka saa kumi na moja alfajiri watoto wakiwa wamelala. Nilirudi saa mbili usiku, na siku za kazi ya ziada saa tatu, nikawakuta wamelala. Tangu mwaka 2003 masomo ya shule za msingi yalikuwa bila karo, na mimi nilifikiri kwamba ikiwa serikali imeondoa karo, na mimi nimeleta unga na kodi, sehemu ya baba imekwisha. Nilikuwa nikiishi na watoto wangu katika futi 10 kwa 12, wala sikuwajua.

Mwezi wa Septemba 2006 binti yangu wa pili aliletewa barua na mwalimu aniletee mimi. Kaka yake hakuonekana darasani kwa muda wa majuma matano, na mtihani wa kumaliza darasa la nane ulikuwa mwezi wa Novemba. Kila asubuhi aliaga akiwa amevaa sare, akaingia katika chumba cha makapera, akabadili nguo, akaenda kituoni kuita abiria. Pesa alizipata. Tulipoingia katika chumba kile mimi na mama yake, mara yangu ya kwanza kukanyaga mle, tuliona godoro jembamba jipya pembeni, bado na karatasi yake ya nailoni upande mmoja. Pesa zake za kwanza alinunua godoro.

Nilimpiga. Leo sijui nilimpiga kwa kosa gani. Baada ya siku nne usiku palikuwa na msako, askari wakaingia katika chumba kile wakakuta redio mbili za gari ambazo hakuna aliyeweza kueleza zimetoka wapi, na mwanangu akalala kituoni siku mbili pamoja na watu wazima kabla ya kuachiliwa. Tulipokuwa tukirudi naye nyumbani mke wangu alinyamaza njia nzima. Tulipofika mlangoni akaniambia, polepole, mtoto akisikia, kwamba kodi ya chumba nimeilipa miaka yote bila kukosa mwezi, lakini kitanda cha mtoto huyu sijakilipia hata siku moja.

Mtihani hakuufanya. Alipelekwa kwa fundi wa kuchomelea vyuma, na huko alikaa.

Basi utaona, mzee wangu, kwamba mpaka hapo kisa changu chakuunga mkono wewe: wajukuu wabaki nyumbani. Ndivyo nilivyoamua na mimi. Mwezi wa Desemba 2007 niliwapeleka mke wangu na watoto nyumbani kwa Krismasi. Matokeo ya uchaguzi yakatangazwa, na machafuko yakaanza. Huko Kibera reli iling'olewa, ile reli aliyotazamia saa mwanangu. Nilimpigia mke wangu simu nikamwambia asirudi. Akakaa huko si miezi miwili, kama nilivyosema, bali miaka mitatu.

Miaka hiyo mitatu nilikuwa baba mwema sana kwa maoni yangu. M-Pesa ilikuwa imeanza mwaka 2007, na kila mwisho wa mwezi pesa zangu zilifika Maragoli kwa dakika moja. Kodi ilipungua kwa kuwa nilihamia chumba kidogo. Nilinunua hata ng'ombe. Kisha Pasaka ya mwaka 2009 nilikwenda nyumbani na gauni la kitinda mimba wangu, msichana wa miaka minne. Aliponiona langoni alikimbia nyuma ya mama yake, akasema kwa sauti ambayo kila mtu uani alisikia kwamba mgeni amekuja. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, maana ungefanya nini? Gauni lilikuwa dogo. Nilikuwa nimelinunua kwa kipimo cha mtoto niliyemwacha.

Na si hilo tu. Mke wangu, aliyekuwa mwenyekiti wa chama Kawangware na mwenye biashara yake ndogo ya mboga, alikuwa amerudi kuwa mke wa mtu asiyekuwapo, akiomba ruhusa ya kuuza kuku kwa mashemeji. Hakunung'unika, lakini nilimwona amezeeka kuliko miaka iliyopita. Twasema sana juu ya mji kuharibu vijana. Hatusemi kwamba mashamba yaweza kummaliza mwanamke aliyeachwa peke yake na jembe, wazee wawili, na simu inayolia mara moja kwa mwezi.

Kwa hiyo mwaka 2011 niliwarudisha. Wengi waliniona mpumbavu. Lakini safari hii, kabla ya kuwapeleka nauli, nilikwenda kumwona jirani yangu mmoja, Mkikuyu wa Murang'a, fundi viatu, ambaye alikuwa na wavulana wawili walioanza kuota sauti nzito. Mvulana wangu wa pili alikuwa na miaka 12. Nikamwambia hivi: Ndugu yangu, wewe huna nafasi na mimi sina nafasi, lakini kile chumba cha nyuma, karibu na mfereji, ki wazi. Tukipange pamoja. Tugawane kodi sawasawa, na wavulana wetu walale humo.

Akafikiri, akasema kwamba vijana watatu peke yao ni moto na petroli. Maneno yake yalikuwa ya kweli, na ni yeye aliyepata dawa. Alikuwa na ndugu mdogo, fundi cherehani, mtu mtulivu aliyekuwa akilipa nafasi ya kitanda mahali pengine. Tukamwambia aje alale pamoja na vijana bila kulipa cho chote, ila awe mkubwa wa chumba. Chakula cha jioni kila mvulana alikula kwa mama yake, si huko. Na kila usiku saa tatu mmoja wetu, mimi au fundi viatu, alipiga hodi katika mlango ule, akaingia, akakaa kitandani dakika chache. Mwanzoni vijana walinyamaza tukiingia. Baada ya miezi michache walianza kuendelea na mazungumzo yao, na hapo ndipo nilipojua majina ya walimu wao, na ni nani aliyekuwa akiwaonea njiani, na kwamba mwanangu alikuwa haoni maandishi ya ubaoni, naye alikuwa amenyamaza mwaka mzima kwa kuogopa bei ya miwani.

Fedha zilitoka wapi? Hilo ndilo mtakaloniuliza, nami sitalikwepa. Nusu ya kodi ya chumba kile ilikuwa Sh. 900 kwa mwezi. Tuliacha nyama ya Jumapili, tukala omena. Yule ng'ombe aliuzwa. Tena nilikwenda kwa msimamizi wangu nikamwomba aniondoe katika kazi ya ziada siku za Jumanne na Alhamisi, nipate kula na watoto. Aliniangalia kama mtu aliyepungukiwa akili. Karani anayekataa saa za ziada! Nilipoteza fedha, na mpaka leo mke wangu hukumbuka kwamba ndio mwaka tuliolala njaa mara mbili.

Wala msidhani kwamba mambo yalinyooka kama kamba. Fundi viatu alikosa kulipa sehemu yake miezi miwili, tukagombana mpaka wake zetu wakawa hawasalimiani mferejini. Vijana walivunja kufuli. Ndugu yake akaoa, akahama, tukahangaika mwezi mzima bila mtu mkubwa. Na binti yangu mkubwa, ambaye hakuna aliyemfikiria kwa kuwa ni msichana, alikuwa akisoma usiku nje, chini ya taa ya choo, kwa sababu chumbani taa ilizimwa saa nne. Jambo hilo nililijua alipokuwa amekwisha maliza shule. Nimewaambia ninyi, yeye mwenyewe bado sijaweza kumwomba radhi vizuri.

Ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka 2020, shule zikafungwa mwezi wa Machi, na mwezi wa Aprili Nairobi ikafungwa, mtu asitoke wala asiingie. Hata kama ningetaka kumpeleka kitinda mimba nyumbani nisingeweza. Kiwanda kilitupunguza, nikakaa chumbani mchana. Huyo msichana aliyeniita mgeni alikuwa na miaka 15, na ndipo nilipojua kwamba hapendi omena, wala hajapata kuzipenda maisha yake yote. Mama yake alilijua jambo hilo tangu zamani.

Sasa nirudi kwa mwana wangu wa kwanza. Yeye amekuwa fundi mzuri, ana karakana yake ndogo upande wa Gatina, ana mke na watoto. Mambo ya mwaka 2006 hatujapata kuyazungumza, mimi na yeye, hata mara moja. Jumapili moja, juma lile lile ilipofika barua yako, mzee wangu, alikuja kwetu baada ya kanisa. Alikunywa chai, akazungumza habari za bei ya vyuma, akanyamaza. Kisha akauliza:

“Baba, kile chumba cha nyuma, bado mwakipanga?”

Nikamwambia kwamba bado, ijapokuwa wavulana wa kwanza wamekwisha kuwa watu wazima. Sasa humo hulala wavulana wa nyumba nyingine nne za ploti, pamoja na mlinzi mmoja wa mchana, na kila nyumba hutoa sehemu yake.

“Kijana wangu ana miaka 11,” akasema. “Sehemu moja ni shilingi ngapi?”

Nikamtajia. Hakubishana bei. Akatoa futi ya chuma mfukoni, akaenda nyuma, akapima ukuta. Jumamosi iliyofuata alileta kitanda cha mabomba ya chuma, cha ghorofa mbili, alichokichomelea mwenyewe, nacho kilikuwa kizito hata tulikibeba watu wanne. Kitanda cha chini ni cha mwanawe. Cha juu alisema ni cha mtoto ye yote ambaye baba yake hajapata nafasi.

Basi, mzee wangu wa Maragoli, kabla ya kumruhusu mkaza mwanao kufunga mizigo, mpigie mwanao simu, siku ya Jumapili, asiwe na haraka. Usimwulize mshahara wake, maana atakudanganya kwa heshima. Mwulize chumba ni futi ngapi, na mvulana wa miaka 12 atalala wapi katika chumba hicho, na mwaka ujao je? Akikuambia kwamba kuna vijana wazuri wa jirani watakaomkaribisha, mkatalie mpaka yeye mwenyewe amekwenda kulala usiku mmoja pamoja nao. Mwulize pia ni siku gani katika juma atakazokula chakula cha jioni na watoto wake. Akitaja mbili na akazishika, yatosha. Akiwa na majibu, waache waende wote, nawe mpe gunia la mahindi na usimfuate kwa maneno. Asipokuwa nayo, asimwache mkewe huko milele kama mlinzi wa shamba. Na apewe mwaka mmoja wa kutafuta jirani mwenye wavulana.

Kuhusu ile ng'ombe yako uliyoitaja mwishoni mwa barua, inayokataa kusimama ikikamuliwa, hilo ni swali la Bwana Mifugo, nami nimemkabidhi mhariri ukurasa huo wa barua.